Gari Lililozimikia Ukweni

Wenzangu wa chuo, leo nimeaibika. Tena ukweni, mchana peupe, mbele ya akina mama watatu wa kanisa ambao najua kufikia Jumapili watakuwa wameifikisha habari hadi mjini Wote. Kwa hivyo nimeona heri niwaandikie mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Niko kwenye benchi la hospitali, kando ya barabara ya Mombasa, saa kumi na moja jioni. Karatasi hizi ni za mtihani wa fizikia wa kidato cha pili, nimeandika upande wa nyuma. Someni polepole, mwandiko huu ni wa mtu aliyeungua vidole viwili.

Gari langu mnalijua, maana niliwaandikia kurasa nne siku niliyolinunua. La mtumba, kutoka Japani, jeupe, madirisha yanashuka kwa kubonyeza. Mwalimu wa kwanza kule Kwa Vonza, ninakofundisha, kuwa na kitu kama hicho! Nilianza kufunga tai hata Jumamosi. Basi wiki tatu zilizopita likapata ugonjwa. Kwa mwendo wa kasi liko sawa, lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, halafu linazima. Nikajifunza kuishi nalo kwa kutosimama. Watu walikuwa wakinipungia mkono njiani, nami nawapungia na kupita, wakasema mwalimu amepata gari na kiburi kwa bei moja. Haikuwa kiburi. Ningesimama, wangenisukuma.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Nzioka wa Kathonzweni, haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wamekuja hapa hospitalini kutoka Nairobi kufanya upasuaji siku moja tu, leo, na majina yalikuwa yasomwe saa sita mchana. Jina likiitwa na hupo, nafasi anapewa mwingine, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mwaka jana alikosa kwa sababu mvua ilikata barabara. Tangu siku hiyo Mzee aliacha kuuliza habari za shamba lake. Anakaa tu kwenye kiti chake ukutani, anageuza uso kufuata jua. Mke wangu Mwende aliniambia, "Baba Mutua, hii mara usituangushe." Nikamjibu kwa sauti ya mwenye gari kwamba usafiri upo.

Jana jioni tukafika Kathonzweni, nikalala kwa shemeji yangu.

Wanjiru, wewe wa Murang'a, kabla sijaendelea nikueleze jambo moja, hawa wengine wanalijua. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Tunaita nthoni. Si chuki, ni heshima. Zamani mkikutana njiani mmoja wenu aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi tumeokoka na tumelegeza kidogo, lakini mama yake Mwende hakulegeza hata uzi. Miaka sita tangu nimwoe binti yake, hatujawahi kupeana mkono wala kukaa chumba kimoja. Akitaka kuniambia kitu anamtuma Mwende, nami vivyo hivyo. Nimekula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe mwingi sana, na namheshimu kabisa, kwa umbali wa mita ishirini.

Leo saa mbili asubuhi Mzee alikuwa tayari. Koti, kofia, fimbo, viatu vimepakwa mafuta. Akina mama watatu wa kanisa walikuwa wamekuja kumwombea safari, wakiongozwa na Mama Kasyoka, ambaye sauti yake haihitaji spika. Tukamkalisha Mzee kiti cha mbele. Nikawasha. Likawaka. Nikaingiza gia, nikaenda mpaka langoni, nikapunguza kidogo ili nisigonge nguzo.

Likazima.

Nikawasha tena. Likatetemeka, likazima. Mara ya nane hivi Mzee akageuza kichwa upande wangu, mikono yote miwili juu ya fimbo, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, tumefika wapi?"

"Langoni, Baba."

Akarudisha uso mbele. Wenzangu, nimefundisha miaka kumi na moja, nimewahi kuzomewa na kidato cha nne kizima, lakini swali lile liliniuma zaidi.

Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati (jeupe, kumbukeni rangi hiyo). Nikafungua boneti. Na kwa vile akina mama walikuwa wananitazama, nikaanza kueleza. Nikasema injini inahitaji vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Nikasema shida hapa bila shaka ni cheche, yaani plagi. Mama Kasyoka akaitikia "Amina" mahali ambapo sikutarajia. Nikatoa plagi ya kwanza, nikaanza kuisugua kwa msasa.

Mwende akaja kutoka jikoni.

"Mama anasema hiyo si plagi."

Nilitabasamu. Nikamwambia amshukuru Mama sana, lakini haya ni mambo ya sayansi. Akaenda, akarudi, akasema Mama amesema sawa. Nikasugua plagi zote nne mpaka zikang'aa. Nikazirudisha. Nikawasha, likatetemeka, likazima. Nikafungua kabureta, nikapuliza vitundu vyake, nikaifunga. Likatetemeka vilevile, labda kwa bidii kidogo. Saa ilikuwa tatu na nusu na Mzee hajashuka garini, nadhani aliogopa akishuka safari itakuwa imekwisha.

Mwende akaja tena, anatazama chini.

"Mama anauliza kama sayansi imemaliza."

Nilitaka kukasirika. Lakini ukweli ni kwamba sayansi ilikuwa imemaliza muda mrefu uliopita, ilikuwa imebaki aibu tu. Nikauliza Mama anajuaje mambo ya magari. Hapo ndipo mke wangu wa miaka sita aliponieleza kitu ambacho hakuwahi kukitaja. Wakati Mzee akifanya kazi ya barabara, Mama alikuwa na hoteli ya mabati pale mjini Salama, ukuta mmoja na gereji. Miaka kumi na minane alisonga ugali wa mafundi wote wa pale, na mafundi hawana mazungumzo mengine hata wakiwa na mnofu mdomoni. Mikono ilikuwa kwenye mwiko, masikio yalikuwa gereji. Mwende akasema Mama akisikia lori linapita anaweza kukwambia halifiki Emali.

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unatueleza cheche."

Basi nikamwambia amwombe Mama anisamehe, anisaidie. Nilisema hivyo kwa moyo wote, hata mbele ya Mama Kasyoka. Majibu yalirudi haraka, kwa jinsi yalivyorudi nadhani yalikuwa yamekaa tayari tangu saa mbili. Nitafute kidude cha duara, ukubwa wa kifuniko cha buli la chai, kilichofungwa kwa nati mbili, chenye mpira mwembamba juu yake na bomba la moshi chini yake. Mwende akanyage mafuta injini isizime. Mimi nikigonge hicho kidude kwa mpini wa spana, si kwa nguvu, halafu Mwende aachie mafuta.

Nikakipata. Nikagonga mara tatu. Mwende akaachia.

Injini ikatulia. Ikaunguruma taratibu, laini, kama siku niliyolinunua gari. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ikaanza kutetemeka tena na kuzima. Lakini kutoka jikoni nilisikia sauti ya mtu mzima ikisema "Eeh," ya kuridhika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kuisikia sauti ya mama mkwe wangu kwa karibu hivyo, na nikafurahi kama nimepasi mtihani.

Mwende akaleta maelezo. Hiyo ni valvu ya kurudisha moshi. Gari likiwa mwendoni inafunguka kidogo, moshi kiasi unarudi injini kuchomwa upya. Gari likisimama inatakiwa ifunge kabisa. Yetu imejaa masizi, imekwama wazi. "Mama anasema injini inavuta moshi wake yenyewe, itakosaje kukohoa." Sasa hebu geuzeni karatasi hii mtazame swali la tatu la mtihani, nililolitunga kwa mkono wangu: eleza kwa nini moto hauwaki vizuri penye hewa chafu. Alama tano. Ningepata sifuri.

Nyingine tungeipata wapi, na muda unakwenda? Mama alikuwa na jibu la hilo pia. Kanisa lilikuwa na gari la aina hiihii lililogonga punda mwaka juzi. Bodi imegeuzwa banda la kuku, lakini vipande vya injini viko ndani ya gunia nyumbani kwa mchungaji, mita mia tatu. Mwende aende kutafuta, mimi huku nitoe ile mbovu. Alipokuwa anaondoka akageuka na agizo la mwisho. "Mama anasema ukishaitoa, upulize kwa mdomo kwenye tundu la chini, uhakikishe. Hewa ikipita, ndiyo yenyewe. Lakini puliza kidogo tu."

Nikafungua nati mbili. Hapo ndipo nilipoungua vidole. Nikaitoa. Ilikuwa nyeusi tii ndani, masizi makavu yamejaa kama chungu cha zamani. Upande wa chini ina matundu mawili, yamekaa pamoja, yote yanatazama upande mmoja.

Mngekuwa nyinyi, mngepuliza kidogo. Mimi nikawaza: kidogo kwa nini? Ukitaka kupima kitu, kipime sawasawa. Nikavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika, nikaweka mdomo kwenye tundu moja, macho wazi nione vizuri, nikapuliza kama tarumbeta ya bendi.

Hewa ilipita. Iliingia tundu la kwanza, ikazunguka ndani, ikakusanya masizi yote ya kutoka Japani mpaka Kwa Vonza, ikatokea tundu la pili, machoni mwangu.

Sikuona tena. Si kuona kidogo, sikuona kabisa. Macho yaliwaka, mdomo ulijaa masizi, nikatema, nikajifuta kwa mikono yenye grisi nikazidisha. Akina mama walikuwa wamefumba macho upande wa pili wa gari, wanamwombea Mzee kwa wimbo, hakuna aliyeniona. Nikakumbuka mtungi wa maji uko karibu na jikoni. Nikaanza kwenda, mikono mbele, nikagonga kinu, nikaomba radhi kwa kinu. Nikasikia hatua za malapa zinakuja. Nikagusa leso ya kujifunga. Nikashukuru Mungu, Mwende amerudi.

Nikamshika. Nikamwekea mkono mzima begani, nikamwegemea.

"Mama Mutua," nikamwambia, "nipeleke kwa maji, macho yamekwisha. Na tafadhali usimwambie mama yako. Alisema nipulize kidogo."

Nilihisi amekaza mwili kama nguzo. Nikadhani amekasirika, nikambembeleza, nikamwambia asinune, nikamfinya bega kidogo. Basi akanishika mkono, akaniongoza taratibu, akanikalisha kwenye kigoda. Nikasikia maji yanamiminwa. Akaniinamisha kichwa, akaanza kuniosha uso, jicho moja, kisha jingine, akinipangusa kwa ncha ya leso, polepole sana, kama anavyooshwa mtoto aliyeanguka. Sijaoshwa hivyo tangu mama yangu afe. Nikakaa nikifurahia.

Ndipo nikagundua kwamba wimbo wa akina mama umekatika katikati ya ubeti.

Na kutoka langoni, mbali, nikasikia sauti ya mke wangu ikiita: "Baba Mutua, nimeipata!"

Wenzangu. Mkono uliokuwa unaniosha haukuwa langoni.

Niliamua kutofungua macho tena maishani. Nilifikiri ningebaki hivyo, Mzee naye hivyo, tuwe vipofu wawili ukutani, tugeuze nyuso kufuata jua. Sikuthubutu hata kusogea. Nilikumbuka mkono begani. Nilikumbuka "usimwambie mama yako". Nilikumbuka nimefinya.

Maji yakamiminwa mara moja tena. Halafu ile sauti ya jikoni ikasema, karibu kabisa na sikio langu:

"Fungua macho, mwanangu. Saa nne imepita."

Nikafungua. Alikuwa ameinama mbele yangu, mama mfupi mwenye mashavu ya Mwende, leso imechafuka masizi, ananikagua macho kuona kama kuna kilichobaki. Nilitaka kusema samahani, nikatoa mapovu. Nyuma yake Mama Kasyoka alikuwa ameweka mkono kifuani. Akasema, kwa sauti ambayo kwake ni ya chini, kwamba hili litataka mbuzi wa faini.

"Mbuzi ataletwa," Mama akasema bila kugeuka. "Kwanza gari."

Akanyanyuka, akatembea mpaka kwenye boneti, akasimama hapo, nami nikamfuata, mimi huku yeye pale, hatua moja kati yetu. Nadhani aliona nthoni imeshavunjika, haina haja ya kuokota vipande wakati mume wake anachelewa. Akaipokea valvu kutoka kwa Mwende, akaisugua kwa waya na petroli, akaipuliza mwenyewe (kidogo tu, macho pembeni), akanionyesha kwamba hewa haipiti. Akaniambia nianze na nati ya ndani. Akaniambia nisikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Nilitii kila neno. Nikarudisha mpira wake juu, nikaingia garini, nikawasha, nikaondoa mguu kwenye mafuta.

Ikaunguruma laini. Nikahesabu mpaka thelathini nikaacha. Akina mama wakaimba upya, kutoka mwanzo wa wimbo.

Tulitoka saa nne na nusu, Mama nyuma na Mwende, kwa sababu alisema akisikia mlio haumpendezi ataniambia moja kwa moja, hakuna haja tena ya kutumana. Aliniambia mara mbili. (Mara ya kwanza gia. Mara ya pili nafunga breki kama ninamkanyaga nge.) Tulifika zikiwa zimebaki dakika ishirini. Nesi aliyekuwa mlangoni akatutazama sisi wanaume wawili, akaona macho yangu mekundu na duara nyeusi kuzunguka mdomo, akanishika mimi mkono akanipanga kwenye foleni ya wagonjwa. Mwende alimaliza kucheka ndipo akamweleza. Saa sita ilipogonga wakaita "Nzioka," na Mzee akaitika kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumsikia.

Nilikwenda nje nyuma ya jengo nikalia kidogo. Ilikuwa masizi pia, lakini si masizi tu.

Wamemfanyia jicho la kulia. Daktari anasema limekwenda vizuri, amefungwa bandeji, kesho asubuhi watafungua. Niliingia kumwona saa tisa. Alikuwa amelala chali anatabasamu peke yake. Kumbe alisikia yote kutoka kiti cha mbele, tangu tarumbeta.

"Miaka arobaini nimekaa na huyo mama," akaniambia. "Hajawahi kuniosha uso mimi."

Nikamwomba msamaha. Akanyoosha mkono, akatafuta wangu, akaushika. Akasema mbuzi ni haki ya mama na lazima nilete, dume, lakini yeye hana neno. Akasema mwaka jana alikuwa ameshakubali kwamba dunia imefungwa, na leo pale langoni alikubali tena, mpaka aliposikia injini inatulia.

"Wakati wa harusi yenu nilikuwa naona ukungu tu," akasema. "Sijawahi kujua unafanana vipi. Nimemwambia nesi kesho akifungua, wewe ndiye usimame mbele yangu kwanza."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Nimeoga mara tatu kwenye bomba la hospitali kwa sabuni ya kufulia. Nyusi zimekataa, na ile duara ya mdomo imekuwa ya kijivu badala ya nyeusi. Mwende anasema kwa miaka sita amekuwa akijisifu kwa baba yake kwamba aliolewa na mtu nadhifu.

Chekeni basi, nawajua. Lakini mkimaliza mniombee: kesho Mzee afungue jicho aone, hata kama kitu cha kwanza kuona ni mimi.